Neno la juma: Biyari ni fimbo, mkia na kuku



Juma hili mbele ya ushirika wetu kuna maombi mawili yanayogongana. Wamama wa upande mmoja wanataka tumwandikie mkuu wa kartye barua ili meza za biyari zilizo karibu na shule ziondolewe, kwa sababu watoto wanatoka nyumbani na daftari mkononi na hawafiki darasani. Upande mwingine wako wenzetu, na kati yao kuna wajane, ambao meza moja ya biyari chini ya turubai ndiyo inawalipia chumvi, sabuni na masomo ya watoto. Wanauliza: mkiiondoa meza, mtaleta unga ninyi? Wote ni wanachama wetu. Wote wanasema kweli. Ndiyo sababu tumeombwa tuueleze mchezo huu kabla watu hawajainua mikono.

Sisi wa ukurasa huu kazi yetu ni maneno. Basi tutapitia mlango wetu wa kawaida, yaani jina. Mtaona kwamba biyari ina majina matatu, na kila jina linasema kitu ambacho mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 14 anahitaji kukijua.

Jina la kwanza: gogo la mti

"Biyari" tumelipokea kutoka Kifaransa, "billard". Ukimuuliza mtu aliyesoma, atakuambia haraka kwamba limetoka kwa "bille", ile golori ya kioo ambayo watoto wanachezea uani. Inaonekana ni sawa, maana mchezo una mipira na golori ni mpira mdogo. Lakini Kifaransa kina "bille" mbili ambazo zinaandikwa sawa na hazina ukoo mmoja, kama vile kwetu "paa" ya nyumba na "paa" wa porini. "Bille" moja ni golori. "Bille" nyingine ni kipande cha gogo, na watu wa mbao wanaisema hata leo. Neno hilo ni la zamani sana. Linatoka katika lugha ya Wagaul, waliokaa Ufaransa kabla Warumi hawajawaletea Kilatini.

Kutoka kwa gogo hilo ndipo "billard" ilipozaliwa. Mwanzoni ilikuwa fimbo tu, fimbo ya mti iliyopinda mwishoni, ya kusukumia mpira. Kwa hiyo asili ya jina haiko kwenye mpira wala kwenye meza. Iko kwenye fimbo. Baadaye jina la fimbo likawa jina la mchezo, kisha likawa jina la meza yenyewe. Jambo hilo lisitushangaze. Sisi tunasema "ngoma" kwa kile chombo cha mti na ngozi, tukasema "ngoma" kwa uchezaji, tukasema tena "ngoma" kwa sherehe nzima.

Na meza haikuwapo mwanzoni. Watu walicheza nje, kwenye majani, wakiusukuma mpira kwa fimbo wakiwa wamesimama. Baadaye wakuu wa Ulaya walitaka kucheza hata wakati wa mvua na baridi, ndipo mchezo ukaingizwa nyumbani na kupandishwa juu ya meza. Mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa, aliyetawala kuanzia 1461 hadi 1483, anatajwa kati ya watu wa kwanza wenye meza ya namna hiyo. Kitambaa kinachofunika meza kikawa cha kijani, na hata hapa Uvira mara nyingi utakikuta cha kijani. Ni kumbukumbu ya majani. Mtoto akikuuliza kwa nini meza ya biyari ina rangi ya shamba la mpunga, jibu unalo.

Tuongeze jambo ambalo halisemwi kwenye turubai: wanawake walikuwa ndani ya mchezo huu tangu zamani. Malkia Mary wa Uskoti, aliyefungwa miaka mingi Uingereza na kukatwa kichwa mwaka wa 1587, alikuwa na meza ya biyari. Marie-Antoinette, malkia wa Ufaransa, alikuwa na chumba cha biyari pale Versailles. Basi kijana anayemwambia dada yake kwamba huu ni mchezo wa wanaume tangu dunia iumbwe, hajasoma.

Jina la pili: mkia

Ile fimbo ndefu ya leo Wafaransa wanaiita "queue". Neno hilo tunalijua vizuri, maana ndilo la mstari wa kungojea maji kwenye bomba. Maana yake ya kwanza ni mkia. Mkia wa ng'ombe, mkia wa mbwa. Mstari wa watu uliitwa hivyo kwa sababu unafanana na mkia.

Kwa nini fimbo ya biyari iitwe mkia? Zamani fimbo ilikuwa na kichwa kipana, na mpira ulisukumwa kwa kichwa hicho. Lakini mpira ukisimama pembeni kabisa, umegusana na ukingo wa meza, kichwa kipana hakiwezi kuingia. Mchezaji akaigeuza fimbo na kupiga kwa upande mwembamba, upande wa kushikia, yaani mkia. Polepole watu wakaona kwamba mkia unapiga vizuri kuliko kichwa, wakakiacha kichwa kabisa. Kapteni mmoja Mfaransa, François Mingaud, aliyeandika kitabu kuhusu biyari mwaka wa 1827, anasifiwa kwa kuweka kipande cha ngozi kwenye ncha ya mkia huo ili usiteleze. Ngozi hiyo iko hadi leo. Ndiyo wanayoipaka chaki.

Sisi walimu tunalipenda sana jina hili la pili. Linaonyesha kwamba mtu aliyebanwa pembeni alitazama kile alicho nacho mkononi, akakigeuza. Na tangu hapo mchezo ukawa wa hesabu. Mpira ukienda kwenye ukingo bila kuzungushwa, unarudi karibu kwa pembe ileile uliyoingia nayo, kama mwanga unavyorudi kwenye kioo. Mwaka wa 1835 mwalimu mkubwa wa hesabu wa Ufaransa, Gaspard-Gustave Coriolis, alitoa kitabu kizima kuhusu hesabu za biyari. Kijana wa Kakombe anayejua ni wapi pa kugonga ukingo ili mpira wa nane uingie kwenye shimo la mbali, anafanya jometria kwa macho. Kama darasani anasema pembe zinamshinda, tatizo si kichwa chake. Pengine hatujamwonyesha bado kwamba ni kitu kilekile.

Jina la tatu: kuku

Sasa tufike mahali penye moto. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma na Tanzania yote, watu hawasemi biyari. Wanasema "pool". Mchezo wanaoutaja ndio huuhuu wa hapa kwetu: meza yenye mashimo 6, mipira 15 yenye namba, na mpira mmoja mweupe wa kupigia. Jina hilo ni la Kiingereza, lakini Waingereza nao walilitoa kwa Wafaransa, kwa neno "poule". Na "poule", kila mtoto wa darasa la tatu anajua, ni kuku jike.

Kuku amefikaje kwenye meza? Wafaransa waliita "poule" zile pesa ambazo wachezaji wa karata wanaweka pamoja katikati, ili atakayeshinda achukue zote. Mnalisikia neno hilo hata kwenye mpira wa miguu, timu zinapowekwa katika "poule" moja ili moja au mbili zipite. Kuku ni lile kapu la katikati. Wote wanatia, mmoja anaondoka naye.

Huko Marekani katika miaka ya 1800 kulikuwa na nyumba ambazo watu walikwenda kuweka pesa juu ya mashindano ya farasi. Nyumba hizo zilipewa jina la kapu hilo. Kati ya shindano moja na lingine watu walikaa bila kazi, basi wenye nyumba wakaweka meza za biyari ili wateja wasitoke. Watu wakazoea kuiona meza ndani ya nyumba ya kamari, na mwishowe mchezo wenyewe ukaitwa kwa jina la kamari. Tuangalie vizuri hapo. Mchezo ulikuwapo zamani sana, ukiitwa gogo, ukiitwa mkia. Kuku alikuja nyuma, na ndiye aliyeupa jina baya.

Wamama wa likelemba watatuelewa upesi kuliko mtu mwingine. Sisi pia tunaweka pesa katikati. Tuseme tuko 12, kila mmoja anatoa franga 10 000 kila juma. Kila juma mmoja anapokea 120 000. Baada ya majuma 12 kila mama amepokea kile alichotoa, lakini amekipokea kwa mara moja, amenunua cherehani au amelipa deni la ndagala. Hakuna aliyelia. Sasa chukua vijana 12, kila mmoja aweke franga 1 000. Mmoja anaondoka na 12 000, na 11 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Kesho wanarudi kuzitafuta zilizopotea. Kapu ni moja kwa kulitazama, lakini moja lina zamu na lingine halina. Tofauti ya likelemba na kuku ni zamu.

Tuongeze hesabu nyingine, mwalimu haachi. Tuseme vijana wawili wana franga 5 000 kila mmoja. Kila mchezo meza inalipwa 500, na juu yake wanawekeana 1 000. Wakicheza mara 10 na kila mmoja akishinda mara 5, utasema hakuna aliyepoteza. Siyo kweli. Meza imechukua 5 000. Kati yao walikuja na 10 000, wanaondoka na 5 000, na kila mmoja amepoteza nusu bila kushindwa. Mpe mtoto wako kalamu, afanye hesabu hii mwenyewe. Akiifanya kwa mkono wake itamwingia kuliko makofi.

Pembe zilizopita hapa kwetu

Mtu asiseme kwamba biyari ni jambo la wazungu na sisi tumeletewa juzi. Mipira ya kwanza mizuri ilichongwa kutoka pembe za tembo, na pembe nyingi zilitoka upande huu wa Afrika.

Burton na Speke, Waingereza wawili waliotafuta chanzo cha Nile, walifika Uvira mwezi wa 4 mwaka wa 1858. Waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kuja mbele yao, wakinunua watumwa, pembe na nafaka. Miaka iliyofuata, pembe za Maniema na za nchi zilizozunguka ziwa zilivushwa kwa mitumbwi na mashua mpaka Ujiji, zikapanda Tabora, zikashuka Bagamoyo, zikavuka Zanzibar. Kutoka Ujiji hadi baharini ni zaidi ya kilometa 1 000, na pembe zilikwenda kwenye mabega ya watu. Baadhi ya watu hao walikuwa watumwa. Tippu Tip na Rumaliza, ambao wazee wetu waliwataja kwa kunong'ona, walikuwa wakubwa wa biashara hiyo. Rumaliza alikaa Ujiji na mkono wake ulifika hadi pande zetu za kaskazini, mpaka vita vya 1892 hadi 1894 kati ya watu wake na askari wa Leopold. Na Leopold alipowashinda hakuziacha pembe. Alizitaka yeye.

Zanzibar pembe ziliuzwa kwenda London na Marekani. Huko zilikatwa kuwa vibao vya piano, vichana, na mipira ya biyari. Mpira lazima ukatwe katikati kabisa ya pembe, la sivyo unakwenda upande. Kwa hiyo pembe moja ilitoa mipira michache tu, na zilizotafutwa mara nyingi ni pembe nyembamba za tembo jike. Kila mchezo wa jioni katika nyumba ya tajiri wa London ulikuwa na tembo aliyekufa nyuma yake, na wakati mwingine mtu aliyefungwa mnyororo.

Pembe zikawa ghali na haba. Mwaka wa 1863 kampuni ya biyari ya New York, Phelan na Collender, ilitangaza dola 10 000 kwa yeyote atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt, Mmarekani, alijaribu, na katika kujaribu akatengeneza selulodi, kati ya plastiki za kwanza duniani. Baadaye, mwaka wa 1907, Leo Baekeland, aliyezaliwa Gent huko Ubelgiji, alitengeneza bakelaiti, plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa moto. Mipira ya leo inatokana na ukoo huo, na mtengenezaji wake mkubwa duniani yuko Ubelgiji. Tazameni njia hiyo ilivyozunguka: pembe zilitoka kwetu kwenda kwao, na sasa mpira unatoka kwao kuja kwetu. Na ile bidoni ya njano unayochotea maji kwenye Mulongwe ni mjukuu wa mpira wa biyari.

Basi tufanye nini?

Tumeeleza gogo, mkia na kuku. Sasa tuseme tunavyoona, halafu kila mama atainua mkono wake anavyotaka.

Sisi hatuoni sababu ya kumchukia gogo wala mkia. Mchezo wa fimbo na mipira unamfundisha kijana kutulia, kutazama kabla ya kupiga, kukubali zamu ya mwingine na kufikiri hatua mbili mbele. Tungependa kuyaona hayo darasani. Anayetuharibia watoto ni kuku, pamoja na vitu viwili vinavyotembea naye: saa, na chupa.

Kuku mnamjua. Kijana anatumwa kuuza ndagala, anapita karibu na turubai, anaombwa aweke kidogo tu. Jioni anasema samaki hawakununuliwa. Mama anajua zilinunuliwa, maana sinia imerudi tupu. Kuanzia siku hiyo wawili hawasemezani vizuri, na kilichopotea kati yao ni kikubwa kuliko franga zile.

Saa nayo mnaijua. Meza iliyo wazi saa 3 asubuhi siku ya masomo haina mteja mwingine ila mwanafunzi na asiye na kazi. Asiye na kazi ni mtu mzima, atajijibu. Mwanafunzi ni wetu. Katiba yetu, kifungu cha 41, inasema mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 18, na sheria ya mwezi wa 1 mwaka wa 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inasema vilevile. Kijana wa miaka 16 mwenye ndevu mbili na sauti nzito ni mtoto, hata akikataa.

Na chupa haihitaji maneno. Pombe kali ya vipakiti na meza ya biyari zikikaa chini ya turubai moja, ugomvi haukosi.

Kwa hiyo tunapendekeza barua, lakini si barua ya kuondoa meza. Tuwaandikie wenye meza, tukianza na wenzetu wa ushirika, na nakala kwa mkuu wa kartye. Iseme mambo manne. Siku za masomo meza isifunguliwe kabla wanafunzi hawajatoka. Asiyetimiza miaka 18 asicheze baada ya saa 12 jioni. Pesa ya meza ilipwe, lakini pesa ya kuwekeana isionekane juu ya kitambaa wala mkononi mwa watazamaji. Na pombe isiuzwe kwenye turubai moja na meza.

Mjane mwenye meza atauliza atapoteza nini. Tumjibu kwa ukweli: atapoteza wateja wa asubuhi, na kuna wachezaji watakaohama kwa sababu ya kuku. Lakini chakula chake kinatoka katika pesa ya meza, hakitoki katika kapu la dau. Wanaowekeana elfu elfu hawampi yeye kitu juu yake, wanamletea kelele, wanavunja fimbo, na siku polisi wakija ni yeye anayeitwa. Wamama wa ushirika wakiwaambia watoto wao kwamba meza ya mama fulani ni mahali pa amani, wateja wa jioni watakuja. Na kama miezi ya kwanza itakuwa migumu, likelemba yetu ipo, apewe zamu ya mbele. Hatuwezi kumwomba mwenzetu apunguze kipato halafu tumwache peke yake.

Kwa mama wa nyumbani tuna maswali matatu. Mtoto akitoka kwenye biyari, usianze na fimbo. Muulize: Nani alilipa? Mlianza saa ngapi? Nani alikuwa anatazama? Swali la kwanza litakuonyesha kama kuna kuku. La pili litakuonyesha kama masomo yamekimbiwa. La tatu litakuonyesha wakubwa wanaomzunguka, maana mtoto mara nyingi hachezi kwa pesa zake. Kuna mkubwa aliyemwekea, na mkubwa huyo atataka kitu. Uliza kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza kama maji yamechemka. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawakusema mvunje.

Na wababa, tunawaomba jambo moja. Mtoto anajifunza kuku kwa kumtazama nani? Anayeweka pesa jioni mbele ya mtoto wake hawezi kumkataza asubuhi.

Kazi ya nyumbani

Jumamosi hii tafuteni ubao wenye urefu wa mkono. Pigilieni mbao nyembamba nne pembeni ziwe ukingo. Chukueni golori mbili na kijiti. Mtoto, wa kike na wa kiume pia, aweke alama ya chaki kwenye ukingo na kujaribu kuigonga golori ya pili baada ya golori yake kugonga ukingo kwanza. Kabla hajapiga, achore kwa chaki njia anayofikiri golori itapita. Akipiga mara 20 ataanza kuona mwenyewe kwamba pembe ya kwenda na pembe ya kurudi zinafanana. Hakuna franga inayotakiwa, na mkikosa golori, mbegu ngumu ya mviringo inatosha. Mtoto atakayekuja na mchoro mzuri tutauweka kwenye ukurasa huu.

Juma lijalo neno letu ni "bidoni". Wenye hadithi za bidoni wazilete kwa katibu kabla ya Alhamisi.

Mbaki na amani.